Kijiko Kimoja cha Unga wa Amino

Kaari alikata ndizi kwa miaka kumi na tisa kabla mikono yake haijamshinda. Shamba lake la Mitunguu hupata maji ya mfereji mwaka mzima, kwa hiyo mikungu haikuwa na msimu, na utomvu wake haukumpa likizo. Ngozi ya vidole ilipasuka, ikatoa maji, ikawasha kiasi kwamba alikuwa anaisugua kwenye ukuta wa mawe wa jikoni. Zahanati walimpa dawa ya kupaka. Akipaka inatulia, akirudi shambani inaanza upya. Kanisani alikuwa akisalimiana na watu kwa kuinamisha kichwa tu, mikono ameificha ndani ya leso.

Ndiyo maana alipoalikwa kwenye semina ya afya mjini Meru, katika ukumbi mmoja upande wa Kinoru, alikwenda. Aliyefundisha siku hiyo aliitwa Kiogora, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mtu mpole asiyepaza sauti. Alichora ubaoni nyumba ya matofali. Mwili umejengwa kwa protini, alisema, na protini imejengwa kwa asidi amino kama vile nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Hayo yamo katika kitabu chochote cha shule. Kisha akaendelea: mwenye ekzema, mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu, wote wamepungukiwa na matofali. Mpe matofali, nyumba itajisimamisha yenyewe. Hayo ya mwisho yalikuwa yake mwenyewe, lakini aliyasema kwa sauti ileile, na Kaari hakuona pale kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia.

Matofali hayo yaliuzwa mlangoni, unga ulioitwa amino ndani ya kopo. Kaari akaanza kuunywa, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Ukamwingia moyoni hata kabla haujafanya kazi. Wiki ileile alijiunga na wauzaji, na kwa kuwa sasa alikuwa na nyumba nyingi za kutembelea, alimpa Murungi, jirani yake mwenye bodaboda, kazi ya kumkatia ndizi asubuhi kabla hajaenda stejini kungoja abiria. Baada ya miezi mitatu mikono yake ilikuwa laini kama ya karani. Aliinyoosha mbele ya kina mama wa kanisa, akaigeuza huku na huku, na hakuhitaji kusema mengi.

Kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa wakimwita daktari. Daftari lake lilikuwa na majina thelathini na moja, kuanzia Nkubu hadi Kiritiri kule Embu, alikokuwa na rafiki wa miaka mingi aitwaye Veronicah, mwanamke aliyekuwa akinunua ndizi zake na kuziuza sokoni. Kaari hakuwa tapeli. Aliuza kile alichoamini kuwa kimemponya.

Mtu mmoja tu alikuwa hamsikilizi, naye ni binti yake.

Gatwiri alifundisha chekechea, hatua chache kutoka barabara ya lami. Alikuwa na mtoto mmoja, Maxine, wa miaka miwili na nusu, aliyezaliwa na ngozi nzuri ikaharibika alipofika miezi minne. Ekzema ilianza mashavuni, ikashuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Usiku mtoto alijikuna mpaka shuka linakuwa na madoa ya damu. Tena maziwa ya ng'ombe yalikuwa hayamkubali kabisa. Alipokuwa na mwaka mmoja alionjeshwa chai ya maziwa, akavimba midomo na kutapika, na daktari akaagiza asipewe tena, hata tone. Gatwiri alishika hilo kama amri. Alimpaka mtoto dawa ya hospitali pale palipochubuka, akamfunika na mafuta mazito mwili mzima mara mbili kwa siku, akamkata kucha kila Jumamosi.

"Hiyo dawa ya kupaka inakula ngozi," Kaari alimwambia mara nyingi. "Mnapaka juu, na ugonjwa uko ndani. Mpe amino."

"Mama, daktari wa ngozi hajasema hivyo."

"Daktari wa ngozi ameona mikono yangu?"

"Mimi nimeona. Nafurahi umepona. Lakini Maxine usimpe. Niahidi."

Kaari alisema sawa. Kila siku ya shule Gatwiri alimwachia mtoto asubuhi, na kwa miezi kadhaa ile sawa ilikuwa ya kweli.

Ilivunjika Alhamisi moja ya mwezi wa pili, kukiwa na vumbi na jua kali. Maxine aliletwa akiwa na vidonda vipya shingoni. Alikaa kwenye mkeka chini ya kivuli cha jiko na kujikuna kwa mikono miwili, bila kulia, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Kaari alimtazama. Alikuwa ameponya nyumba za watu, na huyu wa damu yake anateseka mbele yake kwa sababu ya ukaidi wa mama mtu. Aliingia ndani akachukua kopo. Alikumbuka kwamba aliwahi kumuuliza Kiogora kama unga una maziwa, na Kiogora akamjibu, "Hapana, ni amino tupu." Akakoroga kijiko kimoja kwenye uji wa wimbi uliokuwa umepoa, akampa mtoto kikombe. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi.

Maxine alikunywa nusu. Kisha akaanza kujisugua ulimi kwa vidole.

"Cucu, inawasha," alimwambia bibi yake.

Kaari alimpa maji. Mtoto aliyakohoa. Mabaka mekundu yalichomoza shingoni, yakashuka kifuani, yameinuka kama ya mtu aliyeumwa na siafu. Kaari aliyaona vizuri. Lakini kwenye semina walikuwa wamefundishwa kwamba siku za mwanzo ngozi inaweza kuchafuka zaidi, kwamba hiyo ni sumu inatoka, na kwamba muuzaji mzuri hushikilia mteja wake asikate tamaa. Mwenyewe alikuwa amewaambia hivyo watu wasiopungua kumi. Akajiambia hivyohivyo. Akamshika mtoto mapajani, akampepea kwa ukingo wa leso, akisubiri sumu itoke.

Alisubiri dakika ngapi, hata yeye hakuweza kusema baadaye. Tano. Labda nane. Maxine alitapika mara mbili. Mdomo wa juu ukavimba ukapinduka. Kisha akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa chake: kilitoka chembamba, kimekauka, kama kinapita kwenye tundu dogo. Hapo Kaari alisimama.

Alikimbia na mtoto mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki kwenye mfereji. Murungi alikuwa stejini akifuta pikipiki. Hakuuliza kitu, alimwona mtoto akawasha. Njiani Kaari alikuwa amemkumbatia Maxine kwa nguvu, sikio lake kwenye mgongo mdogo, na alichosikia ni mlio kama wa filimbi kila mtoto akivuta hewa. Kisha mlio ukapungua. Alimwomba Mungu usikome.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Kwenye benchi walikuwepo kina mama kama ishirini na kadi zao. Walipomwona walifungua njia bila kuambiwa. Mhudumu wa zamu alikuwa Ndambiri, kijana kutoka Embu ambaye kila mtu alimwita daktari. Alimpokea mtoto, akamlaza, akamwangalia mara moja kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ameanza lini?"

"Sasa hivi."

"Amefanya nini? Amekula nini?"

Kaari alifungua mdomo. Chumbani walikuwepo wauguzi wawili, na mmoja wao alikuwa mteja wake. Mlangoni kina mama walikuwa wakichungulia, na wawili kati yao walikuwa kwenye daftari. Neno lililotoka hakuwa amelipanga.

"Uji," alisema. "Amepaliwa na uji."

Ndambiri alimgeuza mtoto kifudifudi mkononi mwake, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akamfungua mdomo akachungulia na tochi. Hakuna kitu. Akampiga tena. Ngozi ya Maxine ilikuwa na ekzema kila mahali, nyekundu juu ya nyekundu, na kwa jicho la mtu asiyemjua haikuwa rahisi kutenganisha ugonjwa wa zamani na mabaka mapya. Kucha za mtoto zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Ndambiri aliomba mashine ya kunyonya makohozi, na muuguzi akageuka kwenda kuileta chumba cha pili.

Kaari aliona anavyokwenda. Aliona pia kwamba wanatafuta kitu ambacho hakipo, na kwamba ni yeye aliyewatuma kukitafuta.

"Si kupaliwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Daktari, si kupaliwa. Nimempa amino. Ule unga. Mtoto huyu maziwa yanamdhuru, lakini unga hauna maziwa, niliambiwa hauna."

Ndambiri alisema neno moja kwa muuguzi, na yule aliyekuwa mlangoni akarudi mbio. Sindano ya adrenalini ilivutwa kwenye kichupa kidogo na kuchomwa kwenye paja la mtoto, palepale, bila hata kutafuta mshipa. Wakamwekea oksijeni. Wakamwinua miguu. Kaari alisukumwa taratibu mpaka ukutani, akabaki pale na mguu mmoja mtupu, akihesabu pumzi za mjukuu wake.

Kwenye pumzi ya arobaini na kitu, kilio kilirudi kinene. Muuguzi aliyekuwa mteja wake aliinua uso, akamtazama Kaari, kisha akaendelea na kazi.

Gatwiri alifika na chaki mikononi. Murungi alikuwa amempitia shuleni. Alimshika mtoto mguu, akamsikiliza Ndambiri akimweleza kwa kifupi, kisha akamgeukia mama yake.

"Kitu gani amekula?"

Kaari alimwambia. Hakumtaja Kiogora, wala hakutaja vidonda vya shingoni. Alisema, "Nimempa kijiko kimoja kwenye uji. Nilikuahidi sitampa, nikampa."

Gatwiri hakupandisha sauti. Alimwomba Murungi akalete kopo. Lilipofika, kijani, na picha ya jani linalong'aa, Ndambiri alilipokea kwanza, kisha akampa Gatwiri, akamwonyesha kwa kidole chini kabisa ya karatasi ya nyuma, kwenye maandishi ya Kiingereza madogo kama mbegu za mchicha. Gatwiri alisoma. Akasoma tena.

"Mama, hapa pameandikwa protini imetolewa kwenye maziwa ya ng'ombe."

"Kiogora alisema..."

"Pameandikwa. Umekaa na hili kopo mwaka mzima."

Kaari alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili. Miwani yake ilikuwa nyumbani, juu ya Biblia. Angeweza kusoma maneno yale siku yoyote.

Walidhani yameisha. Maxine alilala, mabaka yakafifia, na Gatwiri akaanza kuuliza kama anaweza kumpeleka nyumbani. Ndambiri alikataa. Alisema mzio wa namna hiyo unaweza kuondoka ukarudi, na kwamba mtoto hatatoka mbele ya macho yake kabla jioni. Gatwiri alikaa upande mmoja wa kitanda, Kaari upande wa pili. Saa tisa alasiri mtoto aliamka akikohoa. Ndani ya dakika mbili midomo ilikuwa imevimba tena, na ile filimbi ikasikika. Safari hii hakuna aliyeuliza kitu. Sindano ya pili ilichomwa, gari la wagonjwa likaitwa kutoka barabarani lilikokuwa likirudi tupu, na Maxine akapelekwa hospitali kubwa ya Meru akiwa na Gatwiri na Ndambiri mwenyewe. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa nne. Au pengine ilikuwepo, Kaari hakuiomba.

Mtoto alilazwa siku mbili, akapona. Siku ya kutoka, daktari wa ngozi alikaa nao wote. Alikuwa mama mtu mzima mwenye subira, na Kaari alikuwa amejiandaa kukaripiwa, lakini hakukaripiwa. Aliulizwa maswali. Unga ulimsaidiaje? Mikono. Ilianza kuuma lini? Kazi yake ni ipi? Ndizi. Anazikata mwenyewe?

"Nilikuwa nakata mwenyewe. Siku hizi nakatiwa."

"Tangu lini?"

Kaari alihesabu miezi kwa vidole, akajibu. Ilikuwa tangu wiki ileile aliyofungua kopo la kwanza.

"Utomvu wa ndizi unachoma ngozi za watu wengi," daktari alisema. "Mikono yako ilipumzishwa, ikapona. Hata kama ungekunywa maji matupu."

Kisha akawaeleza jambo ambalo Kaari hakulitegemea. Asidi amino zenyewe si uongo, alisema. Yapo maziwa maalumu ya unga yaliyotengenezwa kwa asidi amino tupu, bila chembe ya maziwa ya ng'ombe, na hupewa watoto wachanga kama Maxine alivyokuwa, kwa maagizo ya daktari, maana wao hawawezi kingine. Wapo pia watafiti wanaochunguza kama asidi amino moja au nyingine inaweza kusaidia ngozi. Wamepima watu wachache, na bado hawajathibitisha. "Lakini kopo lako si hayo," alisema. "Kopo lako ni maziwa yaliyokaushwa na kupewa jina la amino."

Maxine aliendelea na dawa yake ya kupaka, na mafuta mazito, na vipimo vya damu kuhusu vyakula vingine. Gatwiri alimtafutia mwanamke mwingine wa kukaa naye mchana. Alimwambia mama yake hilo kwa simu, kwa adabu, kama mtu anayetoa taarifa ofisini.

Nyumbani, Kaari alilifungua daftari akaliangalia kwa namna mpya. Majina thelathini na moja. Alijaribu kukumbuka kila mmoja alimwambia nini, na akagundua kwamba unga aliouza si kitu kikubwa. Kitu kikubwa kilikuwa ni maneno. Alimwambia mama fulani aache kumpaka mtoto dawa ya zahanati. Mzee fulani, kwamba asiogope vipele. Akaanza kuzunguka. Aliwasomea kile kilichoandikwa nyuma ya kopo, sasa akiwa na miwani, na akawasimulia kuhusu Maxine bila kujipunguzia. Wengine walimshukuru. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alikataa kabisa kuamini, akasema unga umemsaidia usingizi, na kwamba Kaari ameingiwa na wivu na shetani anamtumia.

Jumamosi alikwenda Kinoru kuomba nafasi ya kuwaeleza watu wa semina. Kiogora alimpokea nje ya ukumbi, akamsikiliza mpaka mwisho huku ameinamisha kichwa, akampa pole ya kweli. Kisha akasema, "Lakini Mama Gatwiri, kila mwili una majibu yake. Mmoja kati ya mia. Ukisimama humo ndani utawanyima tisini na tisa."

"Uliniambia hakuna maziwa."

"Hivyo ndivyo nilivyofundishwa."

"Uliwahi kusoma nyuma?"

Kiogora alitazama uwanja, kisha saa yake. Alisema semina inaanza. Kaari aliingia naye, akakaa mstari wa tatu, na picha ya nyumba ya matofali ilipochorwa ubaoni alisimama. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wasiokuwa wa kanisa lake. Alisema jina lake, akasema yeye ni muuzaji, akasema mjukuu wake karibu afe kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba mwenye mtu asiyeweza maziwa nyumbani asome nyuma ya kopo. Hakufika mbali zaidi. Vijana wawili wenye fulana za kijani walimshika kiwiko kwa upole wakamtoa. Kabla jua halijazama alikuwa ameondolewa kwenye kundi la wauzaji la simu. Watu wangapi waligeuza makopo yao siku hiyo, hakujua.

Lililomnyima raha zaidi ni jina la mwisho kwenye daftari. Veronicah alikuwa hashiki simu.

Veronicah alikuwa na virusi vya UKIMWI kwa miaka tisa. Kaari alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua, kwa sababu siku moja sokoni walikula pamoja, na vidonge vikaonekana kwenye pochi. Alipompelekea unga mwaka uliopita, alikuwa amesema kitu. Sasa, akiwa amelala macho yakitazama mabati, kila neno lilimrudia: "Hii inajenga kinga yenyewe, mpaka utasahau vidonge." Hakumwambia aviache. Alilisema kama mzaha wa furaha tu. Lakini alilisema.

Jumatatu alikwenda Kiritiri. Alimkuta Veronicah nyumbani kwake, kwenye boma la miti mikavu na mbuzi watatu, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichambua punje za pojo kwenye ungo. Alikuwa amepungua. Mifupa ya shingo ilionekana, na kikohozi chake kilikuwa cha mtu aliyekaa nacho siku nyingi. Kopo la kijani lilikuwa dirishani.

"Daktari wangu," Veronicah alisema, akatabasamu.

Kaari hakukaa. "Vidonge vyako viko wapi?"

"Vipi?"

"Vidonge vya kliniki. Uliviacha?"

Veronicah, akiendelea kuchambua, alisema kwamba aliviacha mwezi wa tisa. Alikuwa amechoka kupanga foleni ile na kukutana na macho ya watu. Mwanzoni alijisikia vizuri, hata akanenepa. Kikohozi kilipoanza alifikiri ni vumbi.

"Nilikudanganya," Kaari alisema. "Sikujua nakudanganya, lakini nilikudanganya. Unga huu hauwezi virusi. Haukuponya hata mikono yangu." Akamweleza yote: Maxine, sindano mbili, maandishi ya nyuma, swali la daktari kuhusu ndizi.

Veronicah alisikiliza. Kaari alipomaliza, rafiki yake aliweka ungo chini.

"Umekuja kwangu mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ulinipa matumaini, nikakupikia. Leo umeyachukua. Sasa unataka nikupikie tena?"

"Nataka twende kliniki."

"Nitakwenda kesho."

"Twende leo, Veronicah. Bado ni asubuhi."

"Na wakiniuliza kwa nini niliacha?"

"Nitawajibu mimi."

Mbuzi walizunguka boma mara mbili kabla Veronicah hajasimama. Aliingia ndani. Kaari alisikia sanduku likifunguliwa, na kwa muda hakusikia kitu kingine, akafikiri labda mlango wa nyuma upo na rafiki yake ametoka kupitia huko. Kisha Veronicah akatokea amevaa kitenge kisafi, kadi ya kliniki mkononi.

"Nakwenda," alisema, "lakini si kwa sababu yako."

Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke aitwaye Wanjira. Alipokea kadi, akaona tarehe ya mwisho, na hakushtuka wala kuhoji. Alisema, "Karibu tena, mama. Tumekukumbuka." Veronicah, aliyekuwa amejikaza njia nzima, alifunika uso. Kaari alianza kutoa maelezo aliyokuwa ameahidi, akashindwa kuyamaliza, na Wanjira akamwambia inatosha, walikuwa wamesikia mengine kama hayo. Damu ilichukuliwa, na makohozi pia. Walikaa benchi moja siku nzima. Saa tisa jibu la makohozi lilitoka: kifua kikuu, cha aina inayotibika. Wanjira alieleza kwamba wangeanza na dawa za kifua, kisha wiki chache baadaye wamrudishie zile za virusi, ili mwili usilemewe.

Ulikuwa mwaka mgumu kwa Veronicah. Mwezi wa kwanza wa matibabu alidhoofika mpaka Kaari akaogopa simu ikilia. Alikwenda kumwona kila Jumatatu ya pili; mara nyingine walizungumza, mara nyingine Veronicah alimwacha uani na mbuzi. Mwezi wa sita wa matibabu kikohozi kilikuwa kimeisha. Kipimo cha virusi kilichofuata kilionyesha kwamba vimeanza kushuka, na cha baadaye kikaonyesha vimelala. Veronicah alirudi sokoni. Ndizi hununua kwa mtu mwingine.

Gatwiri alikuja Mitunguu mwezi wa kumi na moja, shule zikiwa zimefungwa, na Maxine mgongoni. Ngozi ya mtoto ilikuwa haijapona kabisa, na daktari alisema huenda ikawa hivyo kwa miaka; ila vidonda vya viwiko vilikuwa vimefunga na alikuwa akilala usiku. Gatwiri alikaa kutwa. Walimenya ndizi za kupika pamoja, Kaari akiwa amevaa glavu za mpira, na walizungumza juu ya mvua na juu ya mwalimu mkuu mpya. Jioni, alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni tayari kuondoka, Gatwiri alisema wiki ijayo ana mkutano wa walimu Nkubu, na kwamba yule mwanamke wa kumshikia mtoto amesafiri.

Kaari alingoja.

"Nitamleta saa mbili," Gatwiri alisema. "Chakula chake nitakibeba."

"Sawa," Kaari alisema. "Kilete chote, hata maji."